Moonstone na Galileo Galilei: Meli ya Samaki Iliyoteka Nyambizi

Wazee wangu, shikamooni. Mabaharia mliostaafu, mabaharia mlio kazini, kina mama wa soko la samaki, na nyinyi vijana wa ufundi mliojibanza huko nyuma, karibuni sana. Walionialika waliniomba nizungumzie meli za uvuvi zilizoingizwa vitani. Mada hiyo ni pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nimechagua meli moja na siku moja.

Siku yenyewe ni Jumatano, tarehe 19 Juni 1940. Mahali ni nje ya Aden, bandari ambayo majahazi ya pwani yetu yameijua tangu enzi za mababu. Meli ni Moonstone, iliyojengwa Uingereza mwaka 1934 kwa kazi ya kukokota nyavu katika bahari za baridi za kaskazini. Siku hiyo iliipata nyambizi ya Italia iitwayo Galileo Galilei, ikapambana nayo, ikaishinda. Na sikilizeni vizuri: haikuizamisha. Iliiteka ikiwa bado inaelea, na mizinga yake, na makaratasi yake ya siri ndani.

Kisa hiki husimuliwa kama cha Daudi na Jaluti. Kijimeli cha samaki, mzinga mmoja, kinaliangusha dude la chuma. Kinanoga hivyo, nami sitawanyima utamu wake. Lakini mimi riziki yangu ni mitambo ya baridi, yaani vyumba vya kugandishia samaki na mashine za barafu, na nilipokisoma kisa hiki kwa jicho la fundi niliona jambo ambalo wasimulizi wengi wanalipita mbio. Nyambizi ile ilifika kwenye pambano ikiwa imekwisha kudhoofishwa, na kilichoidhoofisha kilikuwa ndani ya tumbo lake mwenyewe. Ni hewa. Kama tunataka kuelewa namna Moonstone ilivyoshinda, lazima tuzungumzie mabomba ya baridi ya adui yake kwa urefu uleule tunaozungumzia mizinga.

Kwanza tujibu swali la kijana anayejiuliza: jeshi la majini lenye manowari kubwa kuliko zote duniani lilitaka nini kwenye meli ya samaki?

Uhaba ulikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini wazo lilianza zamani, wakati wa amani. Mwaka 1907 Admirali Lord Charles Beresford alikwenda Grimsby, bandari kubwa ya uvuvi ya Uingereza, akatazama wavuvi wanavyofanya kazi, akapendekeza kwamba vita ikija, kazi ya kusafisha mabomu yaliyotegwa baharini wapewe wao. Mwaka 1910 kikaundwa kikosi cha akiba cha meli za uvuvi na watu wake. Hapakuwa na sababu ya huruma wala ya siasa. Bomu la baharini la siku zile lilikuwa mpira wa chuma uliojaa baruti, umefungwa kwa waya kwenye uzito uliolala chini, unaelea futi chache chini ya uso wa maji usionekane. Kuliondoa, unavuta nyuma ya chombo waya mrefu unaokata. Waya wako ukikutana na waya wa bomu unaukata, bomu linaibuka, unalipiga risasi kutoka mbali. Sasa niambieni, wavuvi, nani duniani anajua kuvuta waya mrefu chini ya maji mchana na usiku, mawimbi yakipanda na kushuka, bila kuukata na bila kuuzungusha kwenye rafadha yake mwenyewe? Nani anaisikiliza winchi akajua huko chini kuna kitu?

Hata kifaa chenyewe kilitoka kwao. Wavu wa kukokota una mbao mbili nzito kwenye kamba zake. Chombo kikienda, maji yanazisukuma mbao zile kando, mdomo wa wavu unabaki wazi. Mafundi wa jeshi walichukua kanuni hiyohiyo wakautandaza nayo waya wa kukatia mabomu. Mtambo huo uliitwa Oropesa, na Oropesa ni jina la meli ya kukokota iliyofanyiwa majaribio yake wakati wa Vita vya Kwanza. Manowari za kisasa zilizosafisha mabomu miaka mingi baadaye zilikuwa zinatumia akili ya mvuvi, ingawa sidhani kama kuna mvuvi aliyelipwa kwa hilo.

Pwani yetu pia iliwahi kuona vyombo vya namna hii. Mwaka 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipokuwa imejificha kwenye matawi ya Mto Rufiji, Waingereza walileta, pamoja na manowari zao, meli ndogo za kuwindia nyangumi kutoka Afrika Kusini: Echo, Fly, Childers na Pickle. Zilikuwa na vina vifupi, zikaweza kusogea pale ambapo manowari nzito zingekwama kwenye mchanga. Hicho ni kisa cha siku nyingine, na wazee wa Rufiji na Mafia wanaweza kutufundisha sote.

Vita vya Pili vilipoanza, wavuvi wa Uingereza waliitwa tena. Makao yao yalikuwa mji wa Lowestoft, kwenye bustani ya starehe iitwayo Sparrow's Nest, mahali palipokuwa na ukumbi wa michezo. Wanamaji wa manowari kubwa waliwacheka, wakawaita jeshi la Harry Tate, jina la mchekeshaji wa jukwaani aliyekuwa maarufu kwa mashine zisizowaka. Kicheko kile kilipungua kadiri vita ilivyoendelea. Leo hapo Lowestoft kuna mnara wenye majina 2,385 ya watu wa kikosi hicho ambao hawana kaburi isipokuwa bahari.

Turudi kwa meli yetu. Ilipozaliwa iliitwa Lady Madeleine. Ilikuwa na ujazo wa tani 390, injini ya mvuke, inakula makaa ya mawe. Miaka ya mwisho kabla ya vita jeshi la majini la Uingereza lilinunua meli kadhaa za kukokota zilizokuwa bado changa na imara, likazibatiza majina ya vito: Amber, Jade, Pearl, Ruby, Topaze. Yetu ilinunuliwa mwaka 1939, ikapata jina la Moonstone.

Kuigeuza meli kama ile si kuipaka rangi ya kijivu na kuipandishia bendera. Kwenye omo, yaani mbele, unajenga jukwaa la chuma na kuliimarisha kwa nguzo kutoka chini, maana mzinga wa inchi 4 unapofyatuka unasukuma sitaha kwa nguvu ambayo wavu haujawahi kuitoa. Kwenye tezi, yaani nyuma, unaweka reli za kudondoshea mabomu ya kina, yale mapipa ya baruti yanayolipuka yakifika kina ulichoyapangia. Chini ya mkuku unatoboa na kuweka chombo cha kusikilizia kilichoitwa asdiki, ambacho sasa tunakiita sona: kinatuma mlio majini na kungojea mwangwi. Na chumba cha samaki, kile chenye harufu isiyotoka hata ukikisugua kwa sabuni ya pipa zima, kinagawanywa kuwa malazi ya watu na ghala la vifaa vya vita.

Mnaona alichopata mnunuzi? Alipata chombo kilichojengwa kukaa baharini wiki nyingi katika dhoruba za kaskazini, chenye omo ya juu na uzito wake chini, kinachogeuka upesi kwa sababu mvuvi anapokokota lazima azunguke mahali pamoja. Alichokosa ni kasi. Na mitambo ya baridi haikuwamo kabisa, jambo ninalotaka vijana wangu walishike. Samaki wa meli zile walihifadhiwa kwa barafu iliyovunjwavunjwa, ikipakiwa bandarini na kuyeyuka taratibu. Walipofika Aden, mahali ambapo Juni jua linapasua kichwa, watu wa Moonstone waliungua na kutokwa jasho kama wanyonge wengine wote. Lakini walikuwa wanavuta hewa ya Mungu.

Sasa upande wa pili.

Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni 1940. Wakati huo ilikuwa inatawala Eritrea, na katika bandari ya Massawa kwenye Bahari ya Shamu ilikuwa na nyambizi nane. Ukilitazama jambo hilo kwa macho ya Waingereza, lilikuwa tishio kubwa: meli zote za kwenda na kutoka Suez hupita kwenye mlango mwembamba wa Bab el Mandeb, na mlango huo ulikuwa mbele ya nyumba ya Waitalia. Nyambizi kadhaa zilikuwa na majina ya wanasayansi. Archimede, Galilei, Torricelli, Galvani, Ferraris. Torricelli, kama mlivyofundishwa shuleni, ndiye aliyetuonyesha kwamba hewa ina uzito. Natabasamu kila nikisoma orodha hiyo, kwa sababu kikosi hicho cha wataalamu wa hewa na umeme kilikuja kupigwa na hewa.

Galileo Galilei ilikuwa na urefu wa mita 70, uzito wa karibu tani 1,000 ikiwa juu ya maji, matundu 8 ya topido, na mizinga miwili ya milimita 100. Nahodha wake aliitwa Corrado Nardi. Iliondoka Massawa siku ileile vita ilipotangazwa, ikavuka Bab el Mandeb, ikaenda kuvizia mbele ya Aden. Tarehe 16 Juni iliizamisha meli ya mafuta ya Norway, James Stove, baada ya kuwapa mabaharia wake nafasi ya kushuka kwenye mashua. Tarehe 18 iliisimamisha meli ya Yugoslavia kwa kufyatua risasi ya onyo. Yugoslavia ilikuwa haijaingia vitani, Nardi akaiacha iende zake. Alifanya kiungwana mara zote mbili, na sitambeza kwa hilo. Lakini mlio wa mzinga karibu na bandari ya adui ni barua yenye anwani yako. Kutoka saa ile ndege na manowari za Aden zilijua mahali pa kutafuta.

Ndani ya nyambizi, wakati huohuo, kulikuwa na msiba mwingine.

Vijana wa ufundi, sogeeni sasa. Nyambizi ni bomba la chuma lililozibwa. Ndani mna injini, betri, majiko, na watu zaidi ya hamsini. Ikizama kwenye maji ya joto kama yale ya Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, chuma kinashika joto la bahari na watu wanaiva. Waitalia walilijua hilo, ndiyo maana nyambizi zao zilikuwa na mitambo ya kupoza hewa. Wazo zuri. Tatizo lilikuwa gesi iliyozunguka ndani ya mabomba: kloridi ya methili.

Gesi hiyo ilitumika sana miaka ile, hata kwenye majokofu ya nyumbani. Inapoza vizuri na haili mabomba ya shaba kama amonia inavyoyala. Lakini amonia, kwa ubaya wake wote, ina uaminifu mmoja: ikivuja hata kidogo tu unakimbia chumba, macho yanachuruzika, pua inawaka. Kila mtu kiwandani anajua. Kloridi ya methili haina tabia hiyo. Harufu yake ni hafifu, tamutamu, haiwashi. Inakuingia ukiwa unafanya kazi yako. Kwanza kichwa kinauma. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu mizito. Kisha akili inaanza kucheza: mtu anacheka bila sababu, anaona yasiyokuwepo, anagombana na ukuta. Mwishowe anazimia, na akizidi kuivuta anakufa. Na dalili za mwanzo zote zinafanana na za joto kali. Sasa uko kwenye nyambizi, nje maji ni ya moto, mwenzako anasema kichwa kinamuuma. Utasemaje? Utasema ni joto. Utafanya nini? Utaongeza mtambo wa baridi! Yaani utaongeza kazi ya mashine ileile inayovuja sumu.

Kwa nini hawakugundua mapema? Nawaeleza kama fundi ninavyolielewa. Wakati wa amani nyambizi hutembea sana juu ya maji, milango ya juu wazi, upepo unaingia na kutoka. Uvujaji mdogo hauonekani. Vita ikija lazima izame mchana kutwa. Kasoro iliyokuwa imelala miaka inaamka siku ya kwanza ya kazi halisi. Kila mmoja wenu anayefunga mitambo anapaswa kuijaribu katika hali mbaya kuliko zote itakayokutana nayo, si katika hali ya siku ya uzinduzi wakati mheshimiwa anakata utepe.

Galilei haikuwa peke yake. Nyambizi Macallè, iliyotoka Massawa kuelekea pwani ya Sudan, ilijaa gesi hiyohiyo hadi mabaharia wake wakawa kama wendawazimu. Tarehe 15 Juni ikapanda mwamba ikapotea bila adui yeyote kuigusa. Perla nayo, siku chache baadaye mwezi huohuo, ilikwama kwenye maji ya chini watu wake wakiwa wamelewa gesi.

Sasa mnaweza kuutazama usiku wa kuamkia tarehe 19 kwa macho mengine. Manowari za Aden zilikuwa zinaizunguka Galilei. Usiku ndio wakati wa nyambizi kupanda juu, kuwasha injini za dizeli, kujaza betri, na kufungua milango ibadilishe hewa. Usiku ule haikuachiwa nafasi ya kutosha. Kulipopambazuka ikazama tena na hewa yake mbovu, betri zake zikiwa hazijashiba.

Asubuhi hiyo Moonstone ilikuwa inafanya doria peke yake. Aliyeiongoza hakuwa hata ofisa wa cheo cha juu. Aliitwa W. J. H. Moorman, na cheo chake kilikuwa serahangi, mtu aliyepanda kwa kufanya kazi sitahani. Mwangwi ukasikika kwenye asdiki. Akadondosha mabomu ya kina. Mwangwi ukapotea, ukarudi, akadondosha mengine.

Chini huko, Nardi alikuwa na mambo matatu kichwani. Watu wake wanaugua. Mabomu yanakaribia. Na periskopu yake inamwonyesha kwamba anayemsumbua si manowari: ni meli ya samaki yenye mzinga mmoja, na hakuna meli nyingine karibu. Yeye ana mizinga miwili. Akaamua kupanda juu apigane. Nimewahi kumsikia mtu akimwita mpumbavu. Mimi nasema uamuzi ule ulikuwa na hesabu yake, na kwa nahodha mwenye watu wazima wa afya huenda ungefaulu. Ila mizinga miwili haijifyatui yenyewe. Inataka watu wa kubeba makombora, kulenga, kusoma umbali, kusahihisha. Na watu wale walikuwa wametoka sasa hivi kwenye bomba la sumu kwenda kwenye jua la adhuhuri la Aden.

Nyambizi ikaibuka, karibu maili moja kutoka kwa Moonstone, ikaanza kupiga. Makombora yakapita juu.

Hapa ndipo naanza kumheshimu Moorman. Angeweza kukimbia? Hapana, kwa sababu nyambizi ikiwa juu ya maji ilikuwa na kasi kuliko yeye, ingemfuata taratibu na kumpiga kwa mizinga miwili kutoka mahali ambapo bunduki zake za rashasha hazifiki. Akafanya kinyume. Aligeuza omo akaielekea nyambizi moja kwa moja. Kwa kufanya hivyo aliifanya meli yake iwe shabaha nyembamba, na kila dakika aliyokuwa anasogea, bunduki zake ndogo za Lewis zilikuwa zinaanza kuwa na maana. Kwenye nyambizi wapiga mizinga husimama kwenye sitaha iliyo wazi, bila kuta za kujificha. Walipofikiwa na rashasha, waliokuwa kwenye mizinga walianguka, waliokuja kuwapokea wakaanguka pia. Kisha kombora la inchi 4 likapiga mnara wa nyambizi. Nardi alikuwa pale juu. Akafa pamoja na maofisa waliokuwa naye.

Yote hayo yalikuwa ya dakika chache. Waitalia 16 walikufa. Waliobaki wakapandisha nguo nyeupe.

Moorman hakuwa na watu wa kutosha wa kuingia nyambizi iliyojaa mateka, wala hakujifanya anao. Akaisimamia kwa mzinga wake, akangoja. Manowari Kandahar ikafika, ikatuma watu wake ndani, ikaifunga kamba Galilei na kuivuta hadi Aden. Mjini watu walitazama dude lile likiingia bandarini. Moorman alipewa DSC, nishani ya ushujaa ya wanamaji, na kupandishwa cheo.

Ndugu zangu, ushindi ungekuwa mdogo kama nyambizi ingezama. Ndani yake mlikutwa hati, na miongoni mwake amri zilizoonyesha mahali nyambizi nyingine ilipopangiwa kwenda. Galvani ilikuwa imepangiwa Ghuba ya Oman. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni, manowari Falmouth ilikuwa huko inaisubiri, ikaizamisha. Siku moja kabla yake, karibu na kisiwa cha Perim, pale Bab el Mandeb, nyambizi Torricelli ilijaribu kurudi Massawa, ikakutwa juu ya maji na manowari tatu kubwa pamoja na moja ndogo. Nahodha wake, Salvatore Pelosi, naye alichagua kupigana kwa mizinga, na alipigana kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia kabla ya chombo chake kwenda chini. Saa chache baadaye moja ya manowari zile za Kiingereza, Khartoum, iliwaka moto kutokana na mlipuko wa mtungi wa hewa wa topido yake yenyewe ikapotea. Hewa tena, lakini nisilivute sana suala langu.

Jumla, kati ya nyambizi nane za Massawa, nne zilikuwa zimepotea wiki mbili tu tangu vita ianze: Macallè, Galilei, Torricelli, Galvani. Meli za Suez zikapumua.

Kuna atakayeniambia, bwana fundi, wewe unawapunguzia sifa wavuvi, unasema wameshinda wagonjwa. Hapana. Bomu la kina lililosukuma Galilei ipande juu lilidondoshwa na Moonstone. Mwangwi ulisikiwa na mtu wa Moonstone. Uamuzi wa kusogea badala ya kukimbia ulikuwa wa Moorman, na kusogea huko kungeweza kuwaua wote kama kombora moja tu la Waitalia lingepata chumba cha injini. Ninachokataa ni kusimulia kana kwamba chuma kidogo kilipiga chuma kikubwa kwa miujiza.

Na ushahidi wangu mkubwa ni hizo nyambizi nne zilizobaki. Mapema mwaka 1941, majeshi ya Uingereza yakiwa yanaikaribia Massawa kwa nchi kavu, Waitalia waliamua kuziokoa. Mwezi Machi Archimede, Ferraris, Guglielmotti na Perla ziliondoka moja moja, zikaingia Bahari ya Hindi, zikashuka kusini huku pwani za Afrika zikiwa upande wao wa kulia, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikapanda Atlantiki, zikajazwa mafuta baharini na meli za Wajerumani, zikafika Bordeaux, Ufaransa, mwezi Mei. Zote nne. Perla, ileile iliyokwama kwa gesi mwaka uliotangulia, ilikuwa baharini karibu miezi mitatu. Taifa ni lilelile, mafunzo ni yaleyale, viwanda ni vilevile. Safari hii walitembea zaidi juu ya maji, milango wazi, na walijua sumu iko wapi. Mabaharia waliofanya safari hiyo hawakuwa dhaifu, wala wenzao wa Galilei.

Vyombo vyenyewe? Galilei Waingereza waliitengeneza, wakaiita X2, baadaye P711, wakaitumia kufundishia, ikavunjwa mwaka 1946. Moonstone iliuzwa vita ilipokwisha ikarudi kuvua. Chumba cha samaki kikawa chumba cha samaki tena.

Kwa upande wetu, mwaka 1946 huohuo, Waingereza walipotaka meli ya kufundishia kikosi cha majini cha Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Mombasa, walileta Rosalind. Haikuwahi kuvua hata dagaa mmoja, maana ilijengwa na jeshi mwaka 1941. Lakini ilijengwa kwa umbo la meli ya kukokota nyavu, kwa sababu kufikia wakati huo jeshi lilikuwa limeacha kusubiri meli za wavuvi na kuanza kuzijenga zake kwa kufuata umbo hilohilo. Kwa hiyo vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar waliojifunza unamaji wa kijeshi katika kikosi hicho walijifunzia kwenye chombo chenye umbo la mvuvi wa kaskazini.

Nimemaliza niliyotaka kusema. Naona mzee pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipotaja Perim, nadhani amewahi kupita huko na jahazi. Tumpe yeye kipaza sauti kwanza. Halafu vijana wenye maswali ya gesi mnifuate hapa pembeni, nina kipande cha bomba la shaba cha kuwaonyesha mahali ambapo viungo hupenda kuvuja.